Kumpa Mtoto Zamu ya Kusema

Somo kwa walimu wa madarasa ya awali, walezi wa vituo vya watoto na wazazi

Kila mwezi wa Januari, madarasa ya awali katika shule za msingi za Nachingwea na Ruangwa hupokea watoto wapya. Miongoni mwao hakosekani yule anayekaa kimya kwa majuma mengi. Nyumbani anajulikana kuwa mchangamfu: humtania bibi yake, hubishana na dada zake, huwasimulia wenzake yaliyotokea kisimani. Darasani hafungui kinywa. Ni rahisi kumhesabu kuwa mzito wa kuelewa, na hukumu hiyo ikishatolewa humfuata hadi madarasa ya juu. Mara nyingi akili yake haina kasoro. Amehamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine kwa siku moja, pasipo mtu wa kumshika mkono.

Lugha ya nyumbani ni msingi

Wakazi wengi wa wilaya hizi mbili ni Wamwera, wakiishi pamoja na Wamakonde, Wamakua, Wayao na makabila mengine. Kiswahili kimeenea mjini na vijijini, lakini mtoto anayelelewa na bibi yake kijijini aghalabu husikia kwanza lugha ya bibi. Wako wanaoiona lugha hiyo kuwa kizuizi na kuwashauri wazazi waiache.

Ushauri huo una hasara. Lugha hizo ni ndugu wa Kiswahili, zote za jamii ya Kibantu: nomino zake hupangwa katika ngeli, vitenzi vyake hubeba viambishi, na maneno kadhaa hufanana. Kulima kwa Myao ni kulima vilevile. Mtoto aliyekwisha kujua kupanga usemi katika lugha ya nyumbani haanzi Kiswahili mikono mitupu. Zaidi ya hayo, mzazi anayelazimishwa kutumia lugha asiyoimudu huishia kutoa amri tu: njoo, kaa, nyamaza. Mtoto hukosa masimulizi, maelezo na maswali, ambavyo ndivyo chakula cha lugha. Kusikia lugha mbili hakumchelewishi mtoto kusema; kinachomrudisha nyuma ni kukosa mtu wa kuzungumza naye.

Kuitikia na kusema ni mambo mawili

Kwa kawaida mtoto hutamka maneno yake ya kwanza yenye maana anapotimiza takriban mwaka mmoja. Akifikisha miaka miwili huunganisha maneno. Akifikisha mitatu husema sentensi fupi. Na kati ya minne na mitano huweza kusimulia kisa kifupi kikaeleweka. Watoto hutofautiana, lakini wote hupita njia hiyo kwa kusemeshwa na kujibiwa.

Apitaye karibu na darasa la awali husikia sauti za watoto wakiitikia pamoja irabu, nambari na majina ya siku. Kuitikia kwa pamoja kuna faida yake: huondoa woga na huzoeza ulimi matamshi. Hata hivyo, mtoto anaweza kuitikia mwaka mzima asiunde sentensi hata moja iliyo yake.

Tofauti huonekana katika jambo dogo. Katika matamshi ya kusini, sauti ya m mbele ya konsonanti mara nyingi hugeuka n. Mtu huwa “ntu”, na mtoto huwa “ntoto”. Mtoto anapoonesha picha na kusema, “Ntoto analia,” mwalimu mmoja humkatiza: “Si ntoto, sema mtoto!” Wenzake hucheka, naye hunyamaza; kesho yake haoneshi picha tena. Mwalimu mwingine hujibu, “Ndiyo, mtoto analia. Unadhani analia kwa nini?” Kisha hungoja. Hapo mwanafunzi amesikia tamko sanifu bila kuaibishwa, na amepata sababu ya kusema sentensi ya pili.

Kungoja ndiko kugumu zaidi. Mtoto anayejifunza lugha ya pili huhitaji muda wa kuyatafuta maneno. Mwalimu ahesabu moyoni hadi tano kabla ya kurudia swali au kumgeukia mtoto mwingine.

Zamu katika darasa kubwa

Kiwango cha taifa kwa elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Idadi ikizidi hapo, zamu ya kusema huwa adimu, na wanaoipata ni wale wale wenye ujasiri. Njia iliyo ndani ya uwezo wa mwalimu ni vikundi vya watoto watano au sita katika kona za ujifunzaji. Kona ya duka yaweza kuwa na magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi na makopo matupu. Muuzaji na mnunuzi hawawezi kuelewana bila kusemezana. Mtoto aliye kimya aketi karibu na mwenzake ajuaye lugha zote mbili. Akijibu kwa Kimwera, jibu lipokelewe, kisha lisemwe kwa Kiswahili na kikundi kiendelee.

Vitendawili navyo ni hazina isiyo na gharama. “Nyumba yangu haina mlango” humfanya mtoto afikiri, abahatishe na aeleze kwa nini jibu ni yai.

Mkoa wa Lindi umepata kuiona njia hii. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyoanza mwaka 2014, iliufikia mkoa huu, na katika mpango wake wa utayari wa kuanza shule watoto waliandaliwa kwa hadithi na michezo. Nayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu malezi yenye mwitikio na fursa za ujifunzaji wa awali kuwa sehemu ya mahitaji ya mtoto, pamoja na afya, lishe na ulinzi. Kwa hiyo, katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, wakati wa kunawa, kula na kujiandaa kulala nao ni wakati wa somo: mlezi ataje anachofanya, aulize, na asubiri jibu.

Msimu wa shamba

Muhula wa kwanza huangukia msimu wa kilimo. Familia nyingi hushinda mashambani, na nyingine huhamia huko kwa muda; mtoto hurudi darasani akiwa amepoteza majuma ya mazoea. Inafaa mzazi apange mapema mtoto abaki na ndugu aliye karibu na shule. Pale isipowezekana, shamba lenyewe lina maneno mengi. Mzazi anayepalilia mikorosho aweza kumwuliza mwanawe kipi kirefu, kipi kimeota leo, na ndege yule anaelekea wapi, kwa lugha yoyote anayoimudu.

Dalili za kutopuuzwa

Si kila ukimya ni wa ugeni wa lugha. Mtoto asiyegeuka anapoitwa, anayetokwa usaha masikioni, asiyesema neno lolote afikishapo miaka miwili, au aliyeacha maneno aliyokuwa akiyajua, apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kungoja akue. Swali moja humsaidia mwalimu: je, mtoto huyu huzungumza vizuri nyumbani? Jibu likiwa ndiyo, anahitaji muda na mwenzi wa kuzungumza naye. Likiwa hapana, anahitaji kupimwa.

Swali hilo laweza kuulizwa siku ya kwanza mzazi anapomleta mtoto shuleni, pamoja na lingine: nyumbani mnazungumza lugha gani? Mwalimu aliyeyapata majibu hayo mwezi Januari hatamhesabu mtoto wa watu kuwa mzito wa kuelewa ifikapo Machi.