Usisubiri Wekundu: Somo la Kumuuguza Mzee Kitandani

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mwandiga, namuuguza bibi. Kiharusi kilikuwa kimemlaza. Siku ya nne akaniambia, "Mjukuu wangu, hapa kwenye nyonga panawaka." Nikaangalia, sikuona kitu. Nilikuwa nimesoma kwamba ngozi huanza kuwa nyekundu. Nikamjibu, "Pako salama, bibi." Siku mbili baadaye ngozi ikachunika.

Kidonda cha mgandamizo hutokea hivi: mfupa na godoro vinaibana nyama, damu haipiti, nyama inakufa. Mara nyingi uharibifu huanzia ndani. Sehemu za kuchunguza kila siku ni mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo, viwiko na kisogo.

Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, kwa hiyo tumia mkono. Gusa, kisha linganisha na ngozi ya pembeni: pana joto zaidi? Pagumu, pamevimba, pameiva weusi? Na mgonjwa akisema panauma, mwamini.

Kuzuia kwenyewe hakuhitaji mashine:

1. Mgeuze, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, hata usiku. Sisi wa Elimu tunajua kuchora ratiba ya vipindi. Chora ya kulia, mgongo, kushoto, ibandike ukutani, anayegeuza aweke tiki. Msimburute, mnyanyue wawili kwa shuka.

2. Weka mto chini ya miguu, kati ya goti na kifundo, visigino visiguse godoro.

3. Akijikojolea, msafishe na kumkausha mapema. Nyoosha shuka.

4. Mpe dagaa, maharage, mayai na maji ya kutosha. Nyama ya mwili hujengwa na chakula.

Usisugue palipoanza kuuma, wala usimkalishe juu ya mpira wa duara. Vyote vinaongeza madhara.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Makazi ya wazee ni njia ya mwisho. Maana yake ni wewe na mimi, tena wakati wa likizo, zamu ya usiku.

Kidonda cha bibi kilipona baada ya miezi mitatu. Mimi nilishakuwa chuo. Aliyekisafisha kila siku ni mama.