Habari za Moyo Ndani ya Damu

Wagonjwa wawili wanaweza kufika hospitali usiku mmoja, kila mmoja akilalamika kwamba kifua kinambana. Umri wao ni sawa, na mchoro wa umeme wa moyo hauonyeshi kasoro iliyo wazi kwa yeyote kati yao. Hata hivyo, huenda mmoja yu katika hatari ya kufa baada ya siku chache, ilhali mwenzake ana maumivu ya misuli ya mbavu tu. Je, daktari atamtambuaje aliye hatarini? Kwa zaidi ya miaka sabini wanasayansi wamelitafuta jibu la swali hili ndani ya damu.

Chanzo cha viashiria

Msuli wa moyo hupata oksijeni kwa njia ya mishipa ya koronari. Mshipa mmojawapo ukizibwa na donge la damu, seli zinazoutegemea hukosa oksijeni, nazo hatimaye hufa. Utando wa seli iliyokufa hupasuka, na protini zilizokuwamo huvuja na kuingia katika damu. Kwa hiyo, mtu apimaye protini hizo hukadiria kiasi cha msuli ulioharibika, ingawa moyo wenyewe hakuugusa.

Mwaka 1954, huko New York, LaDue, Wróblewski na Karmen walionyesha kwamba kimeng'enya kimoja cha jamii ya transaminasi huongezeka katika damu baada ya mshtuko wa moyo. Kasoro yake ilikuwa kwamba kimo pia katika ini na katika misuli ya mifupa. Mgonjwa wa ini aliweza kudhaniwa kuwa mgonjwa wa moyo. Ilihitajika protini iliyo ya moyo peke yake.

Troponini

Protini hiyo ni troponini, iliyogunduliwa na Setsuro Ebashi na wenzake nchini Japani katika miaka ya 1960. Ina sehemu tatu, yaani C, I na T. Hukaa juu ya nyuzi za aktini, na kwa kuongozwa na ioni za kalsiamu huruhusu au huzuia msuli kujikaza. Sehemu za I na T zilizomo moyoni zina mpangilio wa amino asidi usiofanana na ule wa misuli ya mifupa, na tofauti hiyo ndiyo inayozifaa kuwa viashiria. Mwaka 1989 Hugo Katus na wenzake, nchini Ujerumani, walitangaza njia ya kupima troponini T katika damu kwa kutumia kingamwili.

Kutambua ugonjwa ni jambo moja. Kubashiri mwisho wake ni jingine. Mwaka 1996 Elliott Antman na wenzake, nchini Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,404 waliokuwa na maumivu ya moyo yasiyotulia au mshtuko wa moyo wa aina isiyo kali. Troponini I ilipimwa walipopokelewa, kisha wakafuatiliwa kwa siku 42. Wagonjwa 831 walikuwa na kiwango kilichopungua nanogramu 0.4 kwa mililita. Kati yao walikufa 8, yaani asilimia 1.0. Wagonjwa 573 walikuwa na kiwango cha 0.4 au zaidi. Kati yao walikufa 21, yaani asilimia 3.7. Aidha, kadiri kiwango kilivyozidi kupanda, ndivyo vifo vilivyozidi.

Homoni ya moyo uliolemewa

Kiashiria cha pili hakingoji seli zife. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake, nchini Kanada, waliwadunga panya kimiminiko kilichotolewa katika vyumba vya juu vya moyo. Panya hao wakatoa chumvi na maji mengi kwa njia ya mkojo. Hivyo ilidhihirika kwamba moyo si pampu tu, bali pia ni tezi. Mwaka 1988 wanasayansi wa Japani walipata katika ubongo wa nguruwe homoni ya jamii hiyo, iitwayo BNP. Baadaye ilijulikana kwamba kwa binadamu chanzo chake kikuu ni ventrikali za moyo.

Kuta za ventrikali zinapovutwa na wingi wa damu, seli zake hutoa BNP. Kiwango kilicho chini ya pikogramu 100 kwa mililita huonyesha kwamba si rahisi moyo ulioshindwa uwe ndio sababu ya mgonjwa kuhema. Kinyume chake, mgonjwa ambaye kiwango chake kingali juu siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani yu katika hatari kubwa zaidi ya kurudi hospitali au kufa.

Mipaka ya ubashiri

Hapana budi takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Katika kundi la hatari, watu 552 kati ya 573 walikuwa hai baada ya siku 42. Katika kundi lililoonekana salama, watu 8 walikufa. Kipimo, basi, hueleza habari za kundi. Hakimhukumu mtu mmoja. Isitoshe, maradhi ya figo huweza kupandisha troponini na BNP pia, na unene hushusha BNP. Ndiyo maana daktari hurudia kipimo cha troponini baada ya saa chache ili aone kama kinapanda, na hukiunganisha na maelezo ya mgonjwa, umri wake, shinikizo la damu na mchoro wa umeme wa moyo. Namba husaidia kuamua nani aangaliwe kwanza. Haichukui nafasi ya kumwangalia.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini kimeng'enya cha mwaka 1954 hakikutosha kuutambua mshtuko wa moyo?
2. Kwa kutumia takwimu za mwaka 1996, tafuta asilimia ya vifo kwa wagonjwa wote 1,404. Je, asilimia hiyo peke yake ingemsaidia daktari kuwatenganisha wagonjwa? Eleza.
3. Troponini na BNP hufika katika damu kwa njia mbili tofauti. Zilinganishe.