Kwa Nini Cucu Asahau Chai na Kukumbuka Mtaro?

Somo la leo ni juu ya kumbukumbu.

Hapa Mukurweini mmeona jambo hili. Cucu hajui kama amekunywa chai asubuhi, lakini mwulize habari za Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952. Atakueleza jinsi watu walivyohamishiwa vijijini kuanzia 1954, wakachimbishwa mitaro. Vijana husema anajifanya. La, hajifanyi.

Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kulia na kushoto, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Kazi yake ni kufunga pamoja yale uliyoona, sauti, harufu na mahali, yawe tukio moja. Kazi hiyo huendelea hata tukilala. Mwaka wa 1953 huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa kichwa kwa ajili ya kifafa, akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo hadi alipokufa 2008 hakuweza kushika matukio mapya, lakini ya utotoni mengi alikuwa nayo. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni nao mara nyingi huanza kuharibu hapo hapo.

Lakini kumbukumbu si picha iliyofungiwa sandukuni. Kila tukikumbuka, ubongo hulijenga tukio upya, na maneno ya wengine huweza kuingia humo bila mwenyewe kujua. Huo si uongo.

Jambo hili ni zito kwetu. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 walioteswa wakati ule. Kesi nyingine, ya watu zaidi ya 40,000, ilishindwa London mwaka wa 2018. Mahakama ilisema miaka imepita mingi mno. Iliwauma wengi, na bado inauma.

Basi mkienda kuandika habari za mzee, msimwambie, "Ulipigwa na homgadi, sivyo?" Mwulizeni, "Siku hiyo ilikuwaje?" kisha mnyamaze. Azungumze peke yake kwanza, kabla ya kusikia ya jirani. Akikwama kwa mwaka, mwulizeni ni rika gani lilitahiriwa wakati huo. Kama ana nguvu, tembeeni naye hadi pale mtaro ulipopita, maana mahali huamsha mengi. Akianza kulia, acheni. Daftari linaweza kungoja.

Zungumzeni kikundini: ni mzee gani kwenu hajaulizwa bado, na nani atakwenda kwake kabla ya mkutano ujao?