Bima ya Nyumba Kabla ya Mvua: Hatua Sita kwa Mkaaji wa Lubumbashi

Msimu wa mvua Lubumbashi huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Upepo hung'oa mabati, mifereji iliyozibwa na taka hufurika, na ukuta wa matofali mabichi hulowa hadi kuanguka. Joto la dunia linazidisha hatari hiyo: kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo hushuka kwa kishindo. Kinshasa ilikumbwa na mafuriko hayo mnamo Desemba 2022, na eneo la Kalehe Mei 2023. Jiandae ungali mkavu.

1. Fahamu bei inatoka wapi. Kampuni ya bima haibebi hasara zote peke yake. Nayo hukata bima kwa kampuni kubwa zaidi, kama Africa Re ya Lagos na nyingine za Ulaya. Kimbunga Ian kilipoipiga Florida Septemba 2022, kampuni hizo kubwa zilipandisha bei katika mikataba ya Januari 2023, na mzigo huo ukasambaa katika nchi nyingi. Kwa hiyo ada yako inaweza kupanda hata kama hujawahi kudai fidia.

2. Pima hatari ya kiwanja chako. Waulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi katika mvua kubwa zilizopita. Aliye karibu na mto Lubumbashi, Kafubu au Naviundu ana hatari tofauti na aliye mwinukoni. Kagua mabati, misumari, msingi na njia ya maji. Piga picha za kila chumba na uzitunze nje ya nyumba, kwa mfano kwenye simu ya ndugu.

3. Linganisha kampuni. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilimaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na tangu 2019 kampuni binafsi kama Rawsur na Activa zinafanya kazi chini ya ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Omba bei kwa maandishi kutoka angalau kampuni tatu, na kila moja ikuonyeshe kibali chake cha ARCA.

4. Soma mkataba kabla ya bei. Hapa ndipo wengi huumia. Mkataba wa moto unaweza kufunika moto, radi na mlipuko tu. Dhoruba huongezwa kando. Tena, kifungu cha *dégâts des eaux* (uharibifu wa maji) kwa kawaida kinahusu bomba lililopasuka ndani ya nyumba. Maji yanayoingia kutoka barabarani ni *inondation* (mafuriko). Uliza moja kwa moja: "Mto ukifurika, mnalipa?" Jibu liwe ndani ya mkataba.

5. Taja thamani ya kweli. Ukishusha thamani ili ada ipungue, unajinyima fidia. Nyumba ya dola 40,000 ikikatiwa bima ya dola 20,000, kisha mvua ikaiharibu kwa hasara ya dola 10,000, mikataba mingi hutumia kanuni ya uwiano: utapata dola 5,000. Hesabu upya kila mwaka, kwani bei ya saruji na mabati hubadilika.

6. Punguza hatari, kisha omba nafuu. Zibua mfereji, funga mabati kwa kamba za chuma, inua kizingiti na weka kinga ya radi. Mwite mkaguzi wa kampuni aone kazi hiyo. Unaweza pia kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara ndogo ili ada ishuke, lakini iwe kiasi unachoweza kulipa kesho asubuhi. Maafa yakitokea, piga picha kabla ya kusafisha, toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa katika mkataba, na udai nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Bima haimalizi mafuriko. Mitaa yetu inahitaji mifereji, na hilo ni deni la serikali na la kila anayetupa taka mtoni. Lakini ada ndogo isiyofunika maji ya mvua ni hasara uliyoilipia mwenyewe. Toa mkataba wako wiki hii, tafuta neno *inondation*, na kama halimo, nenda ukaulize kabla ya Novemba.