SARATANI YA UNYAYO, VIDONGE NA ASKARI WA MWILI



Mwezi huu tunasoma juu ya melanoma, saratani inayoanza katika chembe zinazoipa ngozi rangi. Wengi hudhani ni ugonjwa wa wazungu. Si kweli. Kwetu Waafrika huota hasa mahali pasipoangaliwa: chini ya unyayo, kiganjani, chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka wa 1977, ikamuua 1981 akiwa na miaka 36 tu. Kwa hiyo baka jeusi la unyayo linalozidi kukua lisikatwe na wembe nyumbani, lipelekwe hospitali.

Lakini leo tuangalie ugonjwa uliokwisha kuenea mwilini, maana hapo ndipo kikundi huombwa harambee.

Katika melanoma nyingine, jeni iitwayo BRAF huwa imeharibika. Ni kama swichi iliyokwama: chembe inaambiwa "zaa, zaa" usiku na mchana. Tangu 2011 kuna vidonge vya kuzima swichi hiyo, na leo hutolewa viwili pamoja, kwa mfano dabrafenib na trametinib. Asiye na kosa hilo havimfai, na melanoma ya unyayo mara nyingi haina.

Tena vidonge hivi havizimi swichi tu. Saratani huishi kwa kujificha, kama mwizi aliyevaa sare ya shule akaingia darasani. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, hupita bila kumshuku. Swichi ikizimwa, sare inavuliwa. Vipande vya uvimbe vilivyopimwa baada ya wiki mbili hivi vilikutwa na askari wengi ndani yake. Uvimbe unanywea upesi, mgonjwa anatoka kitandani, na watu wanasema amepona.

Haya, ngojeni kidogo. Kwa wengi saratani hupata njia ya panya, mara nyingi baada ya mwaka hivi. Ikirudi, askari wamepungua na waliobaki wamechoka.

Kuna dawa nyingine, za dripu, ambazo huwaondolea askari breki. Waliofungua njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel 2018. Sasa ipi itangulie? Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa 2021, kwa wagonjwa wenye kosa la BRAF, ulionyesha kwamba walioanza na dawa za kinga, karibu 72 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya miaka miwili. Walioanza na vidonge, 52. Hata hivyo aliyezidiwa sana daktari anaweza kumwanzishia vidonge, kwa kuwa hufanya kazi haraka.

Kwa mnaouguza nyumbani: vidonge hivyo viwili huleta homa mara nyingi. Msikimbilie dawa ya malaria kabla damu haijapimwa. Na wa dawa za kinga akihara, msilaumu maji ya mto tu; askari wasio na breki huweza kushambulia utumbo wake mwenyewe. Arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe mweka hazina, kabla ya kuandika kadi za harambee mwulize daktari: kipande kimepimwa BRAF? Dawa gani inaanza, na kwa miezi mingapi? Vidonge hunywewa kila siku, na mchango wa mwezi mmoja hautoshi.