Lakiri ya Mzigo: Kuifunga, Kuisoma na Kudai Haki

Mfanyabiashara wa Rubya anayeagiza vitenge kutoka Dar es Salaam huusubiri mzigo unaosafiri zaidi ya kilometa 1,000. Hupakiwa katika basi, hushushwa Muleba mjini, kisha huchukuliwa kwa gari dogo au bodaboda kupitia Kanyambogo. Mzazi anayempelekea mwanawe maharage, kahawa na senene hutegemea mikono hiyohiyo kwa safari ya kwenda. Mzigo ukipungua, mtumaji husema alituma kamili, karani husema aliupokea hivyohivyo, na dereva husema hakuugusa. Hasara humwangukia mpokeaji. Katika somo hili tunaeleza jinsi lakiri inavyoweza kukata ubishi huo.

Lakiri ni nini?

Hapo kale lakiri ilikuwa nta iliyoyeyushwa juu ya barua ili mwenye kuifungua asiweze kuficha. Siku hizi ni utepe wa plastiki wenye meno, waya au boliti ya chuma, ambayo ikishafungwa haifunguki ila kwa kukatwa. Wengi huiita sili. Lakiri inayofaa ina namba yake peke yake, isiyorudiwa katika nyingine.

Makontena yapitayo mkoani Kagera kuelekea Rwanda kwa njia ya Rusumo, au Uganda kwa njia ya Mutukula, huwa na lakiri za namna hiyo. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutumia pia lakiri za kielektroniki, ambazo huonyesha mahali gari lilipo na kutoa taarifa zikifunguliwa njiani.

Mipaka ya lakiri

Lakiri ya plastiki hukatwa kwa mkasi. Kazi yake ni kutoa ushahidi kwamba mzigo umefunguliwa, na ushahidi huo hautoshi bila kumbukumbu. Nchini Marekani, wataalamu wa maabara ya Los Alamos walichunguza zaidi ya aina 200 za lakiri, za bei nafuu na za bei ghali, wakaona kuwa zote zaweza kuchezewa kwa zana za kawaida. Walisisitiza kwamba ubora wa lakiri hutegemea sana utaratibu wa kuifunga, kuiandika na kuikagua. Wahenga wetu walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa mtumaji

1. Andika orodha ya vilivyomo, pima uzito, na upige picha kabla ya kufunga.
2. Pitisha lakiri mahali ambapo mzigo hauwezi kufunguliwa bila kuikata. Gunia lililofungwa lakiri mdomoni laweza kufumuliwa mshono chini. Kwa hiyo piga picha ya mishono pia.
3. Ivute lakiri kwa nguvu uhakikishe kuwa imenasa.
4. Mtumie mpokeaji namba ya lakiri, uzito na picha kwa simu. Usiiandike namba kwenye karatasi inayosafiri na mzigo pekee, kwa maana atakayebadilisha lakiri ataibadilisha na karatasi.
5. Dai stakabadhi, na uombe namba ya lakiri na uzito viandikwe humo.

Kwa mpokeaji

1. Kagua kabla ya kutia sahihi. Ukisaini kwamba umepokea mzigo ukiwa salama, umedhoofisha dai lako mwenyewe.
2. Soma namba yote, tarakimu kwa tarakimu, ukiilinganisha na ile uliyotumiwa.
3. Ivute na kuizungusha lakiri; tazama kama ina gundi, imeungua au imekwaruzwa. Kisha kagua mishono, kitako na pembe za mzigo.
4. Pima uzito palipo na mizani.
5. Kata lakiri mbele ya karani au shahidi, na uitunze pamoja na stakabadhi.

Kama mzigo unabadilisha gari Muleba, ukaguzi huu ufanywe hapo, na ufanywe tena Rubya. Lakiri iliyokaguliwa mwisho wa safari tu itaonyesha kuwa mzigo ulifunguliwa, lakini haitaonyesha ulifunguliwa mikononi mwa nani.

Mtungi wa gesi

Lakiri iliyo kwenye kilango cha mtungi wa gesi ya kupikia hukuhakikishia kwamba haukufunguliwa tangu ilipofungwa. Haikuambii ni gesi kiasi gani iliyotiwa. Kwa hiyo kataa mtungi wenye lakiri iliyokatika, na hata ule wenye lakiri nzima omba upimwe. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiwa umeandikwa kilo 16.2, na gesi ni kilo 15, mizani ionyeshe kilo 31.2. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani kwa ajili hiyo.

Ukikuta kasoro

Usiuache mzigo, wala usigombane. Andika kasoro kwenye daftari la makabidhiano kando ya sahihi yako, piga picha, na uwasilishe malalamiko kwa maandishi kwa msafirishaji. Asipokusikiliza, peleka suala la kifurushi kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), inayosimamia huduma za posta na vifurushi. Malalamiko ya uzito yapelekwe kwa Wakala wa Vipimo, na ya mtungi wa gesi kwa EWURA. Ambatanisha stakabadhi, picha na lakiri yenyewe.

Zoezi

Mama mmoja wa Rubya anapokea gunia. Lakiri ni nzima, lakini namba yake inaishia na 471, ilhali aliyotumiwa kwa simu inaishia na 417. Karani anasema mtumaji alikosea kuandika. Afanye nini?

Jibu: Asisaini kwanza. Ampigie mtumaji na kumwomba picha ya lakiri iliyopigwa siku ya kutuma. Picha ikionyesha 471, mtumaji ndiye aliyekosea kuandika, na ukaguzi uendelee kama kawaida. Ikionyesha 417, lakiri imebadilishwa njiani: gunia lipimwe na kufunguliwa mbele ya karani, vilivyomo vilinganishwe na orodha, na tofauti iandikwe kabla ya sahihi yoyote. Kama hakuna picha, gunia lipimwe na kufunguliwa vivyo hivyo, na namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari.