SOMO LA LEO: VOLTI NA AMPEA ZA TELEVISHENI YETU



Leo tunajifunza juu ya umeme unaolisha kioo cha televisheni. Tumechagua somo hili kwa sababu ya jambo lililotokea katika kikundi kimoja huku milimani Uluguru.

Kikundi hicho kiliuza ndizi, kikaweka akiba, kikanunua televisheni ndogo, betri na paneli ya sola. Watu wakawa wanakuja kutazama habari na mpira. Siku moja betri ilikuwa imekwisha nguvu. Kijana mmoja akasema, "Jua linawaka, ya nini kungoja betri?" Akaunga nyaya za televisheni moja kwa moja kwenye paneli. Kioo kikawaka kidogo, halafu ikatoka harufu ya kuungua. Televisheni ikafa.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema mweka hazina alinunua mali mbovu, fedha iliyobaki akala. Mama wa watu hakupata usingizi. Tulipofika kwa ajili ya darasa, tulimwambia mwenyekiti, "Mzee, tunaomba tuigeuze hii televisheni tusome nyuma yake." Mwanakisomo mmoja akasoma kwa sauti: "12V, 3A." Tukageuza na paneli. Mwingine akasoma: "Voc 21.6V." Wote wakanyamaza. Televisheni ilitaka volti 12, ikaungwa kwenye kitu kinachoweza kupita volti 20 jua likiwa kali. Mama yule hakuwa na kosa lolote. Yule kijana naye hakuwa na nia mbaya. Hakusoma tu.

Volti na ampea ni nini?

Wakulima wa Mgeta wanajua kazi ya mfereji. Maji yakitoka juu sana mlimani, yanashuka kwa nguvu. Yakitoka karibu, yanakwenda polepole. Nguvu hiyo ya kusukuma ndiyo mfano wa volti. Sasa tazama wingi wa maji yanayopita mferejini. Huo ndio mfano wa ampea.

Herufi V ni volti. Herufi A ni ampea. Herufi W ni wati, yaani kazi inayofanywa na umeme kwa kila sekunde. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Televisheni ya kikundi chetu ilikuwa ya volti 12 na ampea 3. Basi 12 mara 3 ni wati 36.

Ndani ya televisheni umeme huo unagawanywa tena. Sehemu zinazopokea picha na sauti zinataka volti chache, kama 5 au 3. Taa ndogo zilizo nyuma ya kioo zimeungwa kwa mstari, kwa hiyo zinataka volti nyingi zaidi. Taa hizo zina kifaa cha kuzipimia ampea, kwa sababu zikipata ampea nyingi mno zinaungua. Ndiyo maana ukipunguza mwangaza wa kioo, taa zinakula ampea chache, zinadumu, na betri haiishi upesi.

Mambo matano ya kushika

1. Volti zilingane. Televisheni ya volti 12 ipewe volti 12. Paneli iungwe kwanza kwenye kontrola, na kontrola iungwe kwenye betri. Kontrola ni kama mlango wa mfereji: inazuia umeme wa paneli usizidi. Usiunge televisheni kwenye paneli yenyewe hata kwa dakika moja.

2. Ampea zitoshe. Kama unatumia adapta, ampea zake ziwe sawa na za televisheni au zaidi. Adapta ya volti 12 na ampea 5 inafaa kwa televisheni ya ampea 3. Mtungi mkubwa haumlazimishi mtu kunywa maji yote. Lakini adapta ya ampea 1 itapata moto, na kioo kitawaka na kuzimika.

3. Angalia alama za + na −. Ukizibadilisha unaweza kuua chombo kizima.

4. Waya uwe mnene na mfupi. Waya mrefu na mwembamba unapoteza volti njiani. Waya wa shaba wa nusu milimita mraba, ukienda mita 10 na kurudi mita 10, kwa ampea 3 unapoteza volti 2 hivi. Betri inatoa 12, televisheni inapata 10. Hapo inaweza kuzimika, na watu watasema imeharibika.

5. Usimalize betri. Betri iliyoandikwa 12V 50Ah ina ampea-saa 50. Betri ya maji ya asidi ni vizuri kutumia nusu tu, yaani 25. Gawanya 25 kwa 3, unapata saa 8 na kidogo. Wakati wa masika, mawingu yakikaa mlimani siku nyingi, saa hizo 8 ni usiku 4 wa kutazama saa mbili mbili, kama hakuna taa wala redio inayotumia betri hiyo.

Wenye umeme wa nguzo

Mkoa wetu ni mkoa wa umeme. Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, pameanza kutoa umeme mwaka 1975. Kituo cha Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji kilianza mwaka 2024. Umeme wa Kidatu unasafiri kwa volti 220,000 ili usipotee sana njiani. Transfoma zinaushusha hatua kwa hatua, hata ukafika nyumbani kwa volti 230.

Umeme ukikatika, chomoa televisheni. Ukirudi, ngoja kidogo utulie ndipo uchomeke. Radi zikianza, chomoa umeme na waya wa antena kabla mvua haijakaribia. Fyuzi ikikatika weka nyingine yenye ampea zile zile, usiweke kipande cha waya. Tena usifungue mgongo wa televisheni ya umeme huu. Hata ikichomolewa, ndani unaweza kubaki umeme wa kumuua mtu. Mwachie fundi.

Maswali

1. Televisheni imeandikwa 12V 2A. Ni wati ngapi?
2. Betri yake ni 12V 40Ah. Ukitumia nusu, itawasha televisheni hiyo saa ngapi?
3. Kwa nini paneli isiungwe kwenye televisheni moja kwa moja?

Majibu: (1) Wati 24. (2) Saa 10. (3) Jadilianeni darasani, kisha kila mmoja aandike jibu lake katika daftari.

Kazi ya nyumbani: geuza redio, adapta au chaja ya simu iliyopo nyumbani. Soma V na A, uziandike. Kile kikundi kimeanza tena kuweka akiba, na mweka hazina ni yule yule mama. Safari hii wamekubaliana kwamba kabla ya kuunga waya wowote, watu wawili wasome kwanza.